Madame Miguujuu

Huku Butembo, katika shule moja ya msingi upande wa Bulengera, watoto wa darasa la nne humwita mwalimu wao Madame Miguujuu. Jina lake la kweli ni Kavuo Mariette. Lile jingine limetoka katika vitabu alivyoandika mwenyewe, vitabu vidogo vya sura chache, vyenye picha alizochora kwa kalamu ya biki, vilivyotolewa fotokopi mjini na kushonwa kwa uzi na sindano ya viatu.

Ndani ya vitabu hivyo anaishi Miguujuu. Ni kiumbe mdogo kama mjusi, mwenye ngozi ya rangi zote, anayekaa katika nyumba zenye giza na kutembea ukutani kichwa chini, miguu juu. Chakula chake ni mwanga. Katika kila sura anaingia mahali ambapo mtoto hawezi kuingia: ndani ya jicho la mbuzi, ndani ya tone la mvua, ndani ya kioo cha pikipiki. Akitoka, mtoto anayesoma amejifunza kitu bila kujua kwamba amefundishwa. Amejua kwamba mwanga huenda moja kwa moja kama kamba iliyovutwa, kwamba ukipita kwenye tundu dogo, wa juu hushuka na wa chini hupanda.

Nilifundisha naye miaka mingi, darasa langu likipakana na lake. Haya ninayoyaeleza alinisimulia mwenyewe, na mengine nilisikia kwa dada yake.

Miguujuu alizaliwa katika woga. Mariette ni mtoto wa Kirumba, na mama yake alikuwa akinunua maharage kwa wakulima na kuyaweka katika depo, ghala la kuta za mbao kando ya barabara, akingojea malori. Siku moja, Mariette akiwa bado mtoto wa kukatazwa kuvuka barabara peke yake, aliingia kulala juu ya magunia, na mtu akafunga mlango bila kujua kwamba yuko ndani. Alipozoea giza, aliona lori likipita ukutani. Magurudumu yalikuwa juu, mzigo ukining'inia chini, na nyuma yake mama mmoja mwenye beseni alitembea kana kwamba barabara ni dari. Alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Mama yake alipofungua, hakuona kitu ukutani. Alichukua maji ya baraka akanyunyiza depo nzima, na tangu siku hiyo hata yeye hakupenda kuingia humo peke yake.

Mariette aliibeba depo hiyo kifuani mpaka sekondari. Huko mwalimu wa fizikia, jina lake Zorobabel, alitoboa boksi la sabuni kwa msumari, upande wa pili akabandika karatasi iliyolowa mafuta ya mandazi, kisha akawafunika wanafunzi blanketi mmoja mmoja. Kwenye ile karatasi kulikuwa na uwanja wa shule, miti kichwa chini, wavulana wakicheza mpira kwenye mawingu.

Mariette alipotoka chini ya blanketi alikuwa analia.

"Unalia juu ya nini?" mwalimu akamwuliza.

"Juu ya ile miaka yote niliogopa bure, Mwalimu."

Ndipo alipojiwekea imani yake, ambayo aliirudia katika kila kitabu: kitu ukikijua, hakikutishi tena. Aliiamini kabisa. Mzazi mmoja alipokuja shuleni kulalamika kwamba Miguujuu ni shetani, na kwamba binti yake hataki kuzimiwa taa, Mariette alimketisha, akafunga madirisha ya darasa, akamwonyesha tundu. Yule mama aliondoka na kitabu cha pili chini ya mkono.

Mdogo wake, Gracieuse, aliolewa Beni, akakaa mtaa wa Mulekera, nyumba ya mwisho-mwisho kabla ya mashamba ya kakao. Mume wake alikwenda kutafuta kazi Bunia, akawa anapiga simu mara moja moja. Gracieuse alibaki na watoto wawili: Joyeuse, msichana wa kusoma kila karatasi aliyoikuta, hata ile ya kufungia chumvi, na Élysée, ambaye bado alikuwa ananyonya.

Likizo kubwa ilipofika, Gracieuse alimwomba dada yake aje kusomea watoto wa kanisa la mtaa. Apollinaire, mume wa Mariette, anayeuza vipuri vya pikipiki, hakufurahi.

"Barabara ya Beni unaijua," alisema.

"Naijua."

"Na Mulekera je? Wiki iliyopita batu bamekimbia kule."

"Na bamerudi. Gracieuse eko kule kila siku, Apollinaire. Miye naenda siku kidogo tu."

Asubuhi Apollinaire alimbebea begi la vitabu mpaka kwenye gari, na alipomwona ameketi, akasema tu, "Ukifika, unipigie. Hapana kesho. Ukifika."

Safari ilikwenda vizuri. Kwenye vizuizi askari walitazama vitambulisho, mmoja akafungua begi, akaona picha ya mjusi ukutani, akacheka na kuomba kimoja kwa mtoto wake. Mariette alimpa. Hata hivyo kila gari lilipopunguza mwendo mahali ambapo msitu, maficho ya waasi wanaoua watu, ulikaribia barabara, abiria wote walinyamaza pamoja, hata waliokuwa katikati ya neno.

Kanisani watoto walimjaa. Aliwasomea sura ya Miguujuu kuingia katika nyumba iliyofungwa na kuiweka barabara nzima ukutani. Huko Butembo watoto wakimaliza sura hiyo huuliza Miguujuu analala wapi, anaoa nani, anakula nini mvua ikinyesha. Wa Mulekera waliuliza mengine.

"Madame, Miguujuu anaweza kunyamaza?"

"Anajua nani eko inje?"

"Mutu akibisha mulango, anafungua?"

Mariette aliniambia kwamba hapo, mbele ya nyuso zile ndogo zilizongoja jibu kwa makini, alikifunga kitabu. Alijibu kwamba Miguujuu hutazama kwanza. Watoto wakatikisa vichwa kama watu wazima wanaokubaliana na bei.

Jumatatu mchana, Gracieuse alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba, Mariette anamsuka Joyeuse. Jua lilikuwa kali, limepiga upande wa barabara. Mlio wa kwanza wa bunduki ulitoka kwenye kakao. Gracieuse aliacha mchi ukiwa juu. Wa pili na wa tatu ikaja kutoka upande mwingine, karibu na njia ya mjini, njia ambayo wangepita kukimbia.

"Ndani," Gracieuse alisema. Hakupaza sauti. Alikuwa ameshamchukua Élysée.

Waliingia, wakafunga mlango wa nyuma, wakaweka kipande cha mti nyuma yake. Mlango wa mbele ulikuwa wa bati, na ulikuwa umefungwa tayari, wakausukumia meza. Madirisha ya mbao yalifungwa pia. Nje watu walipita mbio, wakiitana majina. Mtu alilia, "Beko kwa kakao! Beko kwa kakao!" Kisha miguu, miguu mingi, kisha michache.

Walikaa chini, migongo yao kwenye ukuta wa pembeni, Élysée kifuani mwa mama yake. Giza lilikuwa zito. Mariette alikuwa anafikiria simu yake, kwamba Apollinaire anaweza kupiga na ikalia. Akaitafuta kwa vidole, akaizima. Hapo Joyeuse alimvuta kitambaa.

"Tantine. Angalia."

Katika bati la mlango, mahali ambapo msumari uling'oka zamani, kulikuwa na tundu. Na kwenye ukuta wa ndani, ule uliopakwa chokaa, barabara ilikuwa imelala kichwa chini. Anga la bluu lilikuwa karibu na sakafu. Migomba ya jirani ilining'inia kutoka juu. Mtu alikimbia kwenye dari ya ule ulimwengu na mtoto mgongoni, akapotea pembeni.

Gracieuse hakuwahi kuona jambo hilo. Nyumba yake haikufungwa mchana hata siku moja. Aliona watu wanatembea ndani ya nyumba yake, miguu juu, bila sauti. Alifungua mdomo. "Yezu—" Mariette akamziba kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka akahisi meno.

"Ni inje," alimnong'oneza sikioni. "Ni mwanga. Beko inje, hapana humu. Nyamaza, mudogo wangu, nakuomba."

Gracieuse alifumba macho, akamkumbatia Élysée.

Barabara ikawa tupu. Mbuzi mmoja alipita na kamba yake. Halafu wakaja watu waliotembea.

Hapo ndipo Mariette anapoanzia kila anapokumbuka: walitembea. Wote waliokuwa wamepita kabla yao walikimbia. Hawa walikuwa wadogo ukutani, kila mmoja urefu wa mkono, wamefifia kama picha iliyolowa, na hakuweza kuona sura. Aliona tu kwamba hawana haraka. Mmoja aliingia kwa jirani akatoka na kitu begani. Wengine walikuwa na vitu virefu mikononi. Milio ilisikika mbali, na ukutani hawakugeuza hata vichwa.

Ukutani walisogea kuelekea upande wa jiko, kwenye mlango wa nyuma. Mariette akamshika Gracieuse ili wasogee mbali na mlango wa nyuma, waende upande wa nyumba ulioelekea kanisa.

Joyeuse alitikisa kichwa. Aliweka mdomo kwenye sikio lake. "Mais, tantine, ni kinyume. Weye mwenyewe uliandika. Beko banaenda kwa kanisa."

Mtoto alisema kweli. Mariette alikuwa amesahau kitabu chake mwenyewe. Kinachokwenda huku ukutani, nje kinakwenda kule. Wakabaki mahali walipokuwa, na kweli, baadaye kidogo, makelele yalitoka upande wa kanisa, na harufu ya moshi.

Barabara ikawa tupu tena. Walingoja. Élysée alinyonya, akaacha, akanyonya.

Halafu mtu mmoja akatokea kutoka kwenye migomba, akija moja kwa moja kwenye nyumba. Alikuwa na kitu kirefu begani. Alikua ukutani, akakua zaidi, mpaka ukuta ukazimika. Mwili wake ulikuwa umefunika tundu. Hawakuona tena kitu chochote, hata mikono yao.

Vidole viligonga bati, polepole.

"Mama Joyeuse. Fungua. Ni miye, Salomon."

Salomon alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mkulima wa kakao, mume wa Nadège, aliyewajengea lile jiko. Gracieuse aliijua sauti yake kama ya ndugu. Alianza kuinuka. Mariette alimshika mkono.

"Ni Salomon," Gracieuse alinong'ona.

"Na kama beko nyuma yake?"

Kila mtu wa Beni anazijua hadithi hizo, za jirani anayeletwa mlangoni na panga mgongoni ili aite majina. Mariette alitazama ukuta kwa nguvu zote, lakini ukuta ulikuwa mweusi. Aliyesimama mlangoni ndiye aliyewapofusha. Alijua sababu yake. Angeweza kuichora ubaoni, tundu, mistari na pembe. Aliniambia: "Nilijua kila kitu kuhusu lile giza, na bado sikuthubutu kuisogeza meza."

"Nakuomba," sauti ilisema. "Bibi yangu eko kwenu? Nadège eko kwenu?"

Hawakujibu. Gracieuse alilia bila sauti. Machozi yake yalianguka mkononi mwa dada yake. Mtu akasimama bado kidogo. Kisha ukuta ukawaka.

Alikuwa anaondoka. Alirudi nyuma ukutani, akawa mdogo, na kitu kirefu begani mwake kilikuwa na kichwa kipana kilichopindika: jembe. Mariette alitazama kushoto kwake na kulia kwake, chini ambako ni juu, pembeni kote ambako tundu lilifika. Hakuna mtu. Salomon alikuwa peke yake katikati ya barabara nyeupe ya jua, hajui aende wapi.

Mariette alisogeza meza. Hakumwuliza Gracieuse, wala hakujiuliza. Alifungua bati upana wa kichwa, mwanga ukamwagika ndani na ukuta ukafutika, akaita kwa sauti ya mtu mwenye homa, "Salomon! Kuya!"

Alikuja akiwa ameinama. Walifunga nyuma yake. Alianguka sakafuni, jembe chini yake, na hapo ndipo walipojua kwamba mtu mzima anaweza kutetemeka mpaka meno yake yasikike.

"Nadège hayuko humu?" aliuliza alipoweza.

"Hayuko," Gracieuse akasema.

Hawakuongea zaidi, kwa sababu waliotembea walikuwa wamerudi. Sasa walipita karibu, na sauti zao zilisikika, maneno machache katika lugha ambayo Mariette hakuijua, na mmoja akacheka. Mmoja alikuja kwenye kivuli cha nyumba. Ukuta ukazimika mara ya pili. Bati lililia kidogo, kwa uzito wa mgongo ulioliegemea. Kati ya mgongo huo na goti la Mariette kulikuwa na meza tu.

Élysée aliacha titi. Alivuta pumzi, ile pumzi ya mtoto anayejiandaa. Salomon alinyoosha mkono gizani, akapata mdomo wake, akamwekea kidole chake cha udongo anyonye. Mtoto alikubali. Joyeuse alikuwa ameukamata mkono wa mama yake mkubwa, na Mariette hakuhisi kucha zake mpaka kesho yake, alipoziona alama.

Mgongo uliondoka. Mwanga ulirudi, barabara ikiwa na majani na viatu vilivyoachwa. Walikaa hivyo, hawajui muda gani, wakitazama ukuta, hadi jua lilipoteremka na picha ikaanza kufa yenyewe. Picha ya mwisho waliyoiona ilikuwa askari wa serikali, wengi, na watu wa mtaa nyuma yao wakirudi. Hata hapo hawakufungua. Walifungua waliposikia mama mmoja akilia jina la mtoto wake kwa Kinande, lugha ya kwao.

Upande wa kanisa nyumba zilikuwa zimeungua, na miili ilikuwa imefunikwa vitenge. Sitaandika majina, familia zao ziko. Nadège hakuwa kati yao. Alikuwa ameondoka asubuhi kwenda kupalilia, na kapu lake lilipatikana chini ya mti wa kakao, chakula kikiwa hakijaguswa. Salomon alimtafuta wiki nzima na vijana wa mtaa, halafu peke yake. Mpaka ninapoandika haya, hajaonekana.

Mariette alirudi Butembo na dada yake na watoto. Apollinaire, ambaye simu iliyozimwa ilikuwa imemtesa mchana ule wote, aliwangojea barabarani. Hakusema lile ambalo alikuwa na haki ya kulisema. Alimbeba Élysée, akatangulia.

Nyumba ikawa ndogo. Joyeuse aliingia darasa la mama yake mkubwa, akawa wa kwanza katika usomaji, lakini kila mlango wa nyumba aliukagua kwa kidole, na tundu alilolipata aliliziba kwa sabuni iliyolowa. Mariette alimwacha afanye hivyo. Wazazi walimwuliza kitabu kipya kitatoka lini. Alikaa mbele ya karatasi mara nyingi. Alimchora Miguujuu, na kila alipomchora, watu wanaotembea bila haraka walikuja nyuma yake.

"Nilikuwa nawaambia watoto kwamba ukijua, hauogopi tena," aliniambia siku moja tukisahihisha mitihani. "Ilikuwa uongo."

Nikamwambia kwamba kama asingejua, asingefungua, na Salomon asingekuwa hai.

"Ndiyo," alisema. "Nilijua, na nikafungua. Mais niliogopa vilevile."

Aliandika sentensi hiyo katika kitabu kilichofuata, karibu kama alivyoisema. Mhusika wake hakuwa Miguujuu tena. Ni kiumbe mwingine, Nyamasikio, anayekaa ndani ya mlima na kufundisha jinsi sauti inavyosafiri, na ambaye ana woga kila siku na kila siku anakwenda kazini. Watoto wanampenda. Baadhi ya wazazi wanasema kitabu hiki ni kizito kwa watoto. Watoto wenyewe hawajasema hivyo.

Msimu wa kakao ulipokaribia, Gracieuse alianza kufunga vitu.

"Unaenda wapi?" Mariette alimwuliza, ingawa alijua.

"Kakao itaoza, dada yangu. Batakula nini hawa?"

"Batakula hapa."

"Kwako? Mpaka wakati gani?" Gracieuse alisema kwa upole. "Batu bengi bamerudi. Tutaenda shambani kikundi-kikundi, na askari."

Waligombana jikoni, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, na watoto walisikia. Mwishowe walikubaliana kwamba watoto wabaki. Gracieuse alipanda gari asubuhi yenye ukungu, na Mariette alisimama barabarani mpaka baridi ikamwingia mifupani.

Tangu hapo simu hulia kila jioni, wakati wa kupika. Reseau, mtandao wa simu, ikikatika, hakuna anayekula nyumbani humo. Juzi nilikuwepo. Iliita, ikakatika, ikaita tena, na Mariette akaiweka wazi ili Joyeuse asikie.

"Kuko namna gani?" aliuliza.

"Kuko muzuri kidogo," sauti ya Gracieuse ilisema, ikipeperuka. "Jana tulisikia milio, mais mbali. Leo tumevuna. Salomon naye amevuna. Ameanza na mistari ya miti ya Nadège, kakao yake ameianika pembeni, hataki mutu aichanganye na ingine."

Joyeuse akasogeza mdomo kwenye simu.

"Mama, umefunga mulango?"

"Nimefunga, mutoto wangu."

"Wa nyuma pia?"

"Wa nyuma pia."